Waolu Hawasemi Bila Kuulizwa

Mpendwa dada Tumpe,

Ugonile. Najua huwezi kuitikia, lakini mama alitulea tukijua kwamba salamu hutolewa hata kama nyumba haina mtu.

Lusajo amesimama nje kwangu. Hii ni asubuhi ya tatu. Yuko pale penye mgomba wa mwisho kabla ya njia, ukungu umemmeza hadi magotini, na mikono ameikunja kifuani kwa namna yako ile, kiganja cha kulia kwenye bega la kushoto, cha kushoto kwenye bega la kulia. Hasemi kitu. Mke wangu Atupele amemwita aingie anywe chai, naye akajibu kwa adabu zake zote, "Ahsante mama mdogo, niko sawa tu hapa," akabaki palepale mvua ikimnyeshea. Atupele anacheka. Anasema mtoto wa shemeji amepata mchumba, anaona haya kutuambia.

Mimi sicheki, dada. Waliobaki duniani wanaojua maana ya kusimama vile hawazidi watu watatu, na mmoja wao ndiye huyo anayesimama. Tangu mwaka juzi Lusajo ni muuguzi msaidizi kwenye hospitali ileile uliyofanyia kazi wewe, wodi ileile, na nadhani hata ndoo ni zilezile. Na mimi mwezi uliopita nilikwenda pale kumtolea damu jirani aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi. Nimekaa mezani na kalamu mkononi kwa sababu naogopa kutoka nje. Basi ngoja nikumbuke kwanza.

Unakumbuka lile belo la mitumba? Ilikuwa ndiyo kwanza ruksa ya biashara huria imeanza kunoga. Jana yake tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, leo soko la Tukuyu limefurika makoti ya Wazungu, na mimi, mdogo wako niliyeshindwa shule, nikajikuta mfanyabiashara. Nilinunua belo la makoti ya watoto nikijua baridi yetu haina mjanja. Tulipolikata, katikati ya makoti kulikuwa na boksi la karatasi lililopondeka kama chapati, na ndani yake kitabu kisicho na jalada na kete za ajabu, nyingine zina pande nyingi hadi zinakaribia kuwa gololi. Mimi nilitaka kuzitupa. Wewe ulikuwa umetoka zamu, bado na viatu vyako vyeupe, ukakiinua kile kitabu, ukasoma umesimama palepale, wateja wakipita, mpaka mvua ikatufukuza.

Ukasema, "Asajile, huu ni mchezo. Lakini hauna ubao. Ubao ni mdomo."

Tukahamia kwa fundi Shabani, kwenye kibaraza chake cha cherehani, kila Jumapili baada ya ibada. Yeye hakuwa na ibada siku hiyo, akawa anatusubiri na kahawa. Wazee wake walitoka pwani kuja kuuza vitambaa, wakakwama huku kwenye matope yetu, lakini ulimi wa pwani haukukwama. Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji, ila wewe ulimsomea kanuni mara moja, akazimeza zote. Tukampa cheo cha Mwenye Meza: yeye ndiye aliyekuwa dunia yote, mvua, wafalme, maadui na njaa. Sisi wawili tukawa watu tunaopita humo ndani, na kete zikaamua tukiruka tunaangukia wapi. Mhusika wangu nilimwita Kapteni Ndizi, mchuuzi wa angani mwenye chombo kibovu na deni kila nyota. Mlinicheka. Nilisema mtu huandika anachokijua.

Wewe hukutaka kuwa mtu. Ulipekua kile kitabu hadi ukafika kwenye picha ya kiumbe mrefu, wa rangi ya majivu, asiye na kope, amekunja mikono kifuani. Chini yake palikuwa na nusu ukurasa tu, nusu nyingine imechanika. Jina lao hakuna aliyeweza kulitamka, tukawaita Waolu. Iliyobaki ilisema kwamba wanaishi kwenye sayari ya ukungu, kwamba hawasemi uongo kamwe, na kwamba watu wa nyota nyingine huwaogopa. Kwa nini wanaogopwa, hapo ndipo karatasi ilipochanikia.

Jumapili iliyofuata ulikuja na nusu iliyobaki. Uliitunga mwenyewe. Ulisema Muolu huliona balaa la mtu kabla halijafika. Lakini kwao, kumwambia mtu jambo lake ambalo hajaliuliza ni wizi, umemwibia njia yake. Kwa hiyo Muolu huenda akasimama mlangoni kwa mwenye balaa, akakunja mikono, akangoja. Akiulizwa, hujibu kweli yote, hata ikiwa chungu vipi, na hapo ndipo anapokunjua mikono. Asipoulizwa, hubaki amesimama mpaka balaa lipite na mtu wake. Halafu analia msiba kuliko ndugu wote.

Fundi Shabani alisimamisha cherehani. Akasema, "Dada Tumpe, hawa si wa angani hawa. Hawa ni wakwe zenu Wanyakyusa. Mkamwana akimwona baba mkwe anaingia migombani, hamwambii hata kama paa la nyumba linawaka."

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Lakini alikuwa amesema kweli. Ulikuwa umeukulia mwiko ule, kama mimi. Mke wa mwana hakutani macho na baba mkwe, halitaji jina lake, na akimsikia anakohoa njiani hujifunika khanga na kuchepuka. Shemeji yangu, Mama Lusajo, mke wa kaka Ambakisye, aliishi hatua chache kutoka kwa Baba miaka yote ile, na sidhani kama mzee aliijua sura yake. Kwetu hiyo ndiyo heshima, na hatukuona ajabu yoyote.

Kilichonikera ni jinsi ulivyoucheza. Mimi Kapteni Ndizi nilikuwa nabadilika kila Jumapili, leo mwizi, kesho mchungaji, alimradi tucheke. Wewe ukishakaa kwenye kile kigoda ulikuwa huyo Muolu wako, sauti inashuka, kope hazipepesi. Unakumbuka kisima cha chuma? Mabaharia wangu walitaka kushuka kuchota maji, na Muolu wako akaenda akasimama mdomoni mwa kisima, mikono kifuani. Tukampita. Nikamtania hata, "Mzee, unaona baridi?" Shabani akarusha kete, akakohoa, akatangaza kwamba kisima kilikuwa na hewa mbaya na mabaharia wote wamekufa. Nilikasirika, dada. Nilirusha kete zangu hadi barabarani.

"Ulijua!"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilisimama, Asajile. Hukuuliza."

Nikakwambia watu wako ni washenzi, na kwamba wauaji wanaoua kwa kisu wana nafuu. Wewe hukukasirika. Ulisema kwa sauti yako ya kawaida, ile ya wodini, kwamba umewahi kuwaambia watu mambo ambayo hawakuuliza. "Hawalisikii lile neno. Wanakusikia wewe. Wanakuchukia wewe badala ya kuogopa shimo, halafu wanarudi shimoni. Mtu akiuliza mwenyewe, hapo neno linakuwa lake." Nikasema tu kwamba wewe hujui kucheza. Nilienda kuziokota kete matopeni, moja hatukuipata tena.

Halafu kaka yetu akafa.

Nasema yetu kwa sababu mama zetu walizaliwa tumbo moja, na Ambakisye alikubeba mgongoni kama alivyonibeba mimi. Ulijua jinsi alivyokuwa, nguvu zake, kelele zake, lile lori la mchele wa Kyela alilolipeleka Mbeya na mara nyingine hadi Tunduma mpakani, pesa anazirusha kama hazina mwenyewe. Alianza kukohoa mwanzo wa masika. Walisema ni vumbi la mchele, kisha wakasema ni wivu wa madereva wenzake, kisha wakaacha kusema. Alilazwa kwenye wodi yako. Nilikuja kumwona, nikakukuta unamgeuza kitandani akiwa mwepesi kama kapu, na nilikuuliza, "Dada, unaendeleaje na kazi?" Ukaniambia nzuri. Ukaniangalia kwa muda mrefu. Nikafikiri umechoka.

Msiba ulikuwa wa kweli, ng'ombe walichinjwa, wanaume wakajaa uwanjani na wanawake ndani hadi ukutani. Siku ya kuanua matanga wazee walikaa kwa Baba, wakaniita, wakaniambia kwamba nyumba ya marehemu haiachwi ipoe. Nilikuwa sijaoa. Ng'ombe wa mahari walitoka zizi letu. Mavuno yakiisha, shemeji atavuliwa kitambaa cha msiba, na mimi nitaingia nyumba ya kaka yangu na kuwa baba wa Lusajo. Baba akasema, "Mwanangu, mji wa mtu haufi, unahamia kwa ndugu." Nikasema ndaga fijo, ahsante sana, Baba.

Sasa nikwambie ambalo sikukwambia, maana umekufa na siwezi tena kuona haya. Nilifurahi. Nilikuwa nampenda shemeji yangu tangu siku ile anakuja na sanduku lake la bati kichwani, na dhambi hiyo nilikuwa nimeizika vizuri. Kumbe mila inanifukulia. Nililia mbele za watu kwa ajili ya kaka, na nilikuwa nalia kweli, lakini ndani kabisa kulikuwa na mtu mwingine anayehesabu miezi ya mavuno.

Jumapili tuliporudi kwa Shabani, Muolu wako alisimama mlangoni kwa Kapteni Ndizi.

Mwanzo sikujali. Kapteni alikuwa ameshinda nyumba nzuri kwenye mnada wa mji fulani wa Shabani, nyumba ya sahani za fedha, anangoja tu funguo. Nikasema, "Napita, naenda kunywa." Wewe ukasema, "Muolu amesimama." Jumapili nyingine nikasema nauza chombo nipate samani. "Muolu amesimama." Shabani alijaribu kukutoa, akaleta maharamia, akaleta moto, akaleta hata malkia. Kila zamu yako ilipofika uliiacha kete mezani bila kuigusa, ukasema neno hilohilo. Mchezo ukaharibika. Shabani, mtu asiyeshindwa na utani, akaanza kutuangalia kwa zamu na kunywa kahawa yake kimya.

Kisha ukaanza kusimama kwa mwili wako mwenyewe. Nilikuwa napanga makoti asubuhi, nikainua macho, upo upande wa pili wa njia na viatu vyako vyeupe, umekunja mikono. Nikakupungia. Hukupunga. Kesho yake tena. Wauzaji wenzangu wakaanza kuuliza, "Asajile, una deni gani kwa huyo nesi?" Siku ya sokoni nilikukuta umesimama nje ya uzio wa nyumba ya shemeji, mimi nikiwa na kilo ya nyama mkononi nampelekea. Manyunyu yalikuwa yanashuka kwenye nywele zako. Nilipita karibu nawe kiasi kwamba nilisikia meno yako yanagongana kwa baridi, na hukufungua kinywa. Niliingia ndani, nikakaa na shemeji, tukanywa chai, na sikumbuki neno hata moja alilosema.

Jumapili ile nilifika kwa Shabani mapema. Sikukaa. Ulipofika na kuweka mikono kifuani, kabla Mwenye Meza hajafungua kinywa, nilisema, "Kapteni anamgeukia Muolu." Nilikusudia kusema kwa sauti ya Kapteni, ile ya mzaha. Ikatoka yangu.

"Nyumba ninayotaka kuingia. Mna kifo ndani?"

Ukakunjua mikono. Taratibu, kama mtu anayetua mzigo.

"Kimo," ukasema.

"Cha nani?"

"Cha aliyetoka. Alikileta yeye. Na sasa kimo kwa aliyebaki, na kitakuwemo kwa atakayeingia. Kwa mtoto hakimo. Alizaliwa kabla."

Mkasi wa Shabani ulianguka chini, na hakuna aliyeuokota. Hukulitaja jina la ugonjwa, na siku zile nani alilitaja? Ukimwi ulikuwa neno la redioni na la mabango ya hospitali, si la nyumba ya mtu unayemjua. Lakini nilielewa kama umenipiga nalo usoni.

Nilikuchukia, usidhani sikukuchukia. Nilikwenda nyumbani nikalala na viatu. Nilikuwa nimenusurika, na kilichokuwa kinaniuma si kaka, wala si yule mwanamke atakayekufa. Kilichoniuma ni kwamba nimenyang'anywa. Ulisema kweli kuhusu watu, nilikusikia wewe kwanza. Neno lenyewe nililisikia baadaye, polepole, wiki nzima.

Na lilipokuwa langu likawa mzigo. Nikikataa kurithi, wazee watamgeukia binamu yetu wa Masoko, ambaye alikuwa tayari ananunua shati. Nikisema sababu, wataniuliza nimejuaje, na katika ukoo mzima aliyekuwa anafanya kazi wodini ni mmoja. Ungefukuzwa kazi. Na shemeji watu wangemtoa kwenye nyumba ile usiku huohuo, mwiko au si mwiko. Nilikuja kukwambia, "Mwambie yeye basi! Ni mwili wake!" Ukaniangalia. Ukasema, "Kila siku ninasimama kwake pia, Asajile. Ulidhani nilisimama pale uzioni kwa ajili yako peke yako?"

Ndipo shemeji alipoleta kile kitambaa cha msiba kwa Shabani, akipindue ukingo uliochanika. Ilikuwa Jumapili, tulikuwa tumekaa kama wafiwa, kete ziko mezani na hakuna anayecheza. Alitusalimu kwa upole wake ule. Akakuona umekunja mikono. Akamgeukia fundi, akamwuliza, "Baba Mwanaidi, huyu wifi yangu ana nini? Kila nikitoka nje namkuta hivi. Nimemkosea?"

Nilitamani ardhi inimeze. Shabani alipaswa kusema sijui. Badala yake, na hadi leo sijui ni hekima au ni mdomo wake tu, alimvutia kigoda na kumsimulia habari za Waolu mwanzo hadi mwisho, sayari ya ukungu, wizi wa njia, kisima cha chuma, kila kitu, huku anashona ule ukingo. Shemeji alisikiliza kama mtoto. Alipopewa kitambaa chake alikikunja, akakiweka mapajani. Halafu akakuuliza.

"Wifi, mume wangu alikufa na nini?"

Ulikunjua mikono, ukamshika mkono, mkatoka. Mliongea chini ya paa la duka la jirani lililofungwa, mvua imewaficha. Sisi tuliona migongo tu. Hakupiga kelele. Aliporudi kuchukua mwavuli wake alisema, "Ahsanteni kwa kigoda."

Kesho yake Baba alitoka kwenda kuangalia ng'ombe, akamkuta mkamwana wake amesimama katikati ya njia, khanga imeshuka mabegani, uso wazi, mikono kifuani. Dada, hukuwepo, ulikuwa kazini, lakini mimi niliona kwa macho yangu. Mzee alirudi nyuma kama amekanyaga nyoka. Alijifunika uso kwa mkono, yeye mzee, kwa aibu ambayo haikuwa yake. Akarudi ndani, akafunga mlango. Ng'ombe wakashinda na njaa. Siku ya pili yuko palepale. Majirani wakaanza kukusanyika kwa mbali, wengine wanasema amechanganyikiwa, wengine wanasema amelogwa, mama mmoja akaanza kuimba pambio. Shemeji hakugeuka. Alikuwa mwembamba tayari, na nilipomwona vile kwenye ukungu nilijua umetufundisha kitu kisicho mchezo, na niliogopa.

Siku ya tatu Baba alifungua mlango. Aliangalia chini, kwenye vidole vya miguu ya yule mwanamke, ndipo akauliza swali ambalo hakuna baba mkwe kwetu aliyewahi kumwuliza mkamwana wake.

"Mwanangu, una nini?"

Akakunjua mikono, akamwambia. Kwa sauti ndogo, sikusikia maneno. Mzee alivua koti lake, koti nililomletea mimi kutoka belo langu la pili, akamvisha mabegani. Jioni aliwaita wazee, akasema mjane huyu harithiwi na yeyote na hafukuzwi na yeyote, na anayetaka sababu aje amwulize yeye. Hakuna aliyekwenda kumwuliza. Shemeji aliishi mpaka Lusajo akajua kusoma. Alikufa nyumbani kwake, wewe ukimgeuza.

Baada ya hapo hukucheza tena. Ulimwachia Shabani kete zote, ukamwambia Muolu amerudi kwao. Ukamchukua Lusajo kila likizo, mkalima kahawa Masoko, mkawa na dunia yenu. Mimi nilibaki na makoti yangu. Nilikuja kukutembelea mara chache kuliko inavyostahili, na kila nikija tunabishana. Niliwahi kukuuliza, unakumbuka, tukimenya maharage: "Na kama nisingeuliza?"

"Ningesimama."

"Na kama ningeingia ile nyumba?"

"Ningesimama, Asajile. Halafu ningekugeuza kitandani."

Nilikwambia hiyo si haki. Ulicheka, meno yako yale. Ukasema hukusema kamwe kwamba Waolu ni wema, ulisema tu kwamba hawasemi uongo. Mwezi wa pili nilipoletewa habari kwamba umeanguka shambani, nilikuja mbio, na safari hii niliuliza kabla sijakaa, mbele ya watu wote: amekufa na nini? Wakaniambia presha. Nikamshukuru Mungu kwa neno hilo la kawaida.

Basi nimefika mwisho wa kukumbuka na Lusajo bado amesimama. Unaelewa sasa kwa nini naandika badala ya kutoka. Baada ya shemeji nilikaa miaka bila kuoa, lakini sikukaa miaka bila kwenda Tunduma kufuata mabelo, na Tunduma wewe unaijua, baa na gesti zake ziko wazi saa zote. Nilioa nikiwa nimetulia, au nilivyojidanganya. Sikupima. Mimi, kati ya watu wote, niliyeokolewa kwa swali, sikuwahi kujiuliza hata moja. Mwezi uliopita waliichukua damu yangu, wakaniambia ahsante, wakampa jirani ya mtu mwingine. Nilidhani ni kundi la damu tu haliendani.

Ngoja nitoke.

Nimerudi, dada. Chai imepoa.

Nilikwenda hadi kwenye ule mgomba. Amefanana na mama yake hadi inauma. Nikamwuliza, "Lusajo mwanangu, una nini?" Mikono ikashuka. Alikuwa analia kabla hajasema, na alisema kweli yote kama ulivyomlea. Ni ile damu. Akasema nije kesho, kuna daktari wa kuongea naye, na siku hizi si kama zamani kabisa, kuna vidonge vya kuzuia kifua kikuu, watu wanaishi miaka. Nikamwuliza, "Na mama yako mdogo?" Akatikisa kichwa. "Yeye sijui, baba mdogo. Hajapimwa. Hilo silijui." Nikamshika kichwa, tukasimama mvuani kama wajinga wawili. Kisha nikamwambia aende nyumbani akabadilishe nguo, asije akaumwa.

Kutoka hapa nilipokaa namsikia Atupele jikoni anachochea moto, anaimba. Ana mimba ya miezi mitano. Hajaniuliza kitu. Aliponiona narudi nimelowa alisema tu, "Haya, tuambie, mchumba ni nani?" akacheka, akarudi kwenye sufuria yake.

Ningeweza kwenda kusimama mlangoni mwa jiko. Najua kukunja mikono, ulinifundisha vizuri kuliko nilivyotaka. Lakini nimemtazama tu mgongo wake, na nimejua kwamba ubishi wetu umekwisha, na safari hii nimeshinda mimi. Nisamehe. Wewe ulikuwa na subira ya watu wa majivu, na ilituokoa baadhi yetu. Mimi sina. Naenda kumwibia njia yake, dada. Naenda kumwambia sasa hivi, na hajaniuliza.

Lala salama huko Masoko, chini ya kahawa yako.

Mdogo wako uliyesimama kwa ajili yake,
Asajile